Tafuteni dawa ya mizizi kwenye nchi kame

Mkulima wa matango wa mwambao wa Batinah, kaskazini mwa Oman, anaweza kupoteza kitalu kizima kabla miche haijatoa jani la tatu. Asubuhi mche umesimama. Jioni shina limenywea pale linapotokea ardhini, na mche umelala. Ukiung'oa unakuta mizizi ya kahawia, laini, ngozi yake inavuka kwa kuguswa tu. Wakulima wetu wa Lushoto na Kirinyaga hawahitaji kuelezwa zaidi: ni kinyausi, kile kile kinachomaliza miche ya nyanya na kabichi. Ila Batinah matango hulimwa ndani ya vitalu nyumba, joto la kiangazi hupita nyuzi 40, na kimelea kikuu cha huko, Pythium aphanidermatum, hustawi kwenye joto ambalo lingewashinda wengi wa jamaa zake.

Naanza na Oman kwa sababu tuna ndugu wengi huko, watu wanaozungumza Kiswahili majumbani mwao hadi leo. Naanza nayo pia kwa kuwa watafiti wake wamefanya jambo ambalo sisi wa Afrika Mashariki, kwa maoni yangu, tumechelewa kulifanya. Wamekwenda kwenye nchi kame, wamechukua kuvu zinazoishi kwenye udongo na mimea ya huko, na wameanza kuzipima kama zinaweza kuilinda mizizi ya mazao.

Kwanza tumjue adui. Pythium kwa sura ni kama kuvu, lakini kwa nasaba iko karibu zaidi na mwani wa kahawia. Ukuta wa nyuzi zake umejengwa kwa selulosi na glukani, wakati kuvu za kweli hujenga kwa kitini. Udongo ukilowa, hutoa vispora vyenye mikia vinavyoogelea katika maji yaliyo kati ya chembe za udongo, vikifuata harufu ya sukari inayovuja kwenye mizizi michanga. Udongo ukikauka, hujifungia ndani ya spora zenye ukuta mnene na kungoja. Kwa hiyo mkulima anayemwagilia kwa wingi ili kuiokoa miche na joto ndiye anayemfungulia adui njia.

Dawa za viwandani zipo, na metalaksili ndiyo inayojulikana zaidi. Ikimwagwa msimu baada ya msimu, mambo mawili hutokea. Vimelea huizoea, na bakteria wa udongoni nao hujifunza kuila kabla haijafanya kazi yake. Baadhi ya wakulima huamua kuutoa udongo wote wa kitalu nyumba na kuleta mwingine. Huo nao huja na wageni wake, na hata ukiwa safi, kiatu cha kibarua au jembe lisilooshwa vinatosha kuurudisha ugonjwa. Watafiti wa Oman waliwahi kufuatilia jinsi Pythium inavyoingia kwenye vitalu nyumba vipya, ambavyo udongo wake haukuwahi kulimwa hata mara moja. Kwamba swali hilo lilihitaji utafiti ni ushahidi wa ukubwa wa taabu yao.

Mwaka 2018 kundi la Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, Muscat, akiwemo Abdullah Al-Sadi ambaye ameshughulikia Pythium kwa miaka mingi, lilichapisha matokeo kuhusu Aspergillus terreus, kuvu inayopatikana kwa wingi kwenye udongo wa nchi za joto na za jangwa. Waliiweka kwenye sahani moja na Pythium, kisha wakazitazama nyuzi za Pythium kwa hadubini ya elektroni. Zilikuwa zimesinyaa, zimebonyea na kuporomoka. Kuvu hiyo ilikuwa ikitoa vimeng'enya vinavyoyeyusha selulosi na glukani, yaani vitu vile vile vilivyojenga ukuta wa adui. Miche ya matango iliyopandwa kwenye udongo wenye Pythium ilipona kwa wingi zaidi ilipokuwa na kuvu hiyo. Baadaye kundi hilo likaeleza habari za kuvu nyingine, waliyoiita Talaromyces omanensis, iliyotoka ndani ya Rhazya stricta, kichaka cha jangwani ambacho Waomani hukiita harmal. Nyanya zilizopewa kuvu hiyo zilistahimili ukame vizuri kuliko zilizoikosa.

Kwa nini kuvu za nchi kame? Dukani kuna pakiti za Trichoderma, kuvu ya kijani inayouzwa dunia nzima kwa kazi hii, na katika Kenya na Tanzania zinapatikana. Lakini aina nyingi za Trichoderma zinazouzwa hukua vizuri kati ya nyuzi 25 na 30, na joto likipanda juu ya hapo hulegea, nyingine zikasimama kabisa. Visima vya Batinah vimeingiliwa na maji ya bahari kwa kuvutwa kupita kiasi, kwa hiyo kiumbe cha kufanya kazi pale lazima kivumilie na chumvi. Kuvu iliyozaliwa chini ya kichaka cha jangwani imeshapita mitihani hiyo. Nyingi zina rangi nyeusi ya melanini inayozikinga na jua, spora zake huvumilia ukavu wa miezi, na zimezoea kupigania chakula kidogo sana pembeni mwa mizizi michache iliyopo. Tunataka kiumbe kinachojua kukaa na mzizi, kuulinda kama riziki yake na kuwanyima wengine nafasi. Ni busara kukitafuta mahali ambapo asiyejua kazi hiyo hafiki mwaka wa pili.

Wazo kwamba udongo mkavu uko hai lilipata nguvu hapa kwetu. Mwaka 1958 mtafiti H. F. Birch, aliyekuwa akifanya kazi katika shirika la utafiti wa kilimo na misitu la Afrika Mashariki huko Muguga, karibu na Nairobi, alichapisha maelezo ya jambo ambalo wanasayansi wa udongo duniani bado wanaliita kwa jina lake. Alionyesha kwamba udongo uliokauka ukilowa, huvuta pumzi kwa nguvu: viumbe wake huamka, huwala wenzao waliokufa wakati wa ukavu pamoja na masalia yaliyolainika, na kwa muda mfupi hutoa hewa ya kaboni na naitrojeni nyingi kuliko udongo ambao haukukauka. Mkulima wa Ukambani au wa Dodoma anayewahi kupanda kwenye mvua za kwanza anavuna naitrojeni hiyo. Huu ni ujuzi uliopatikana kwa udongo wetu, na ni miaka mingi sasa tangu uandikwe. Hata hivyo tunaendelea kuzungumza habari za nchi kame kana kwamba chini yake hamna kitu. Zaidi ya asilimia 80 ya ardhi ya Kenya huhesabiwa kuwa kame au nusu kame. Ukisikiliza mijadala ya mipango ya maendeleo, ardhi hiyo husubiri maji, au kiwanda, au mtambo wa umeme wa jua. Sijawahi kusikia mtu akisema tuichunguze kwanza kwa ajili ya kile kilichomo.

Watu wa jangwani wenyewe hawajawahi kuwa na dharau hiyo. Kutoka Morocco hadi Oman, baada ya mvua za radi, wamekuwa wakienda kuchimbua kama'a, kuvu ya kuliwa inayokua chini ya mchanga ikiwa imeshikamana na mizizi ya vichaka vidogo. Imetajwa katika hadithi mashuhuri ya Mtume (S.A.W.), na bei yake katika masoko ya Ghuba huwa kubwa.

Kuna mfano mmoja wa udongo wa joto ambao haunitoki akilini, ingawa si wa jangwani. Katika hifadhi ya Yellowstone, Marekani, kuna nyasi zinazoota kwenye udongo unaochemshwa na joto la chini ya ardhi. Mwaka 2002 ilionyeshwa kwamba nyasi hizo huvumilia udongo wa nyuzi 65 kwa sababu ya kuvu inayoishi ndani yao. Zikiondolewa kuvu hiyo, hufa. Miaka mitano baadaye ikagundulika kwamba kuvu yenyewe haiwezi kazi hiyo bila kirusi kilichomo ndani yake. Mmea, kuvu na kirusi: ukimwondoa mmoja, wote watatu wanashindwa. Nalitaja hili kwa sababu linatupa tahadhari kubwa. Ukiikata kuvu kutoka kwenye jamaa zake, ukaikuza peke yake kwenye sahani na kuitia kwenye pakiti, huenda umeacha nyuma kile kilichoifanya iwe na nguvu.

Tahadhari hiyo ina historia ndefu. Mwaka 1932 Richard Weindling alieleza jinsi Trichoderma inavyojisokota kwenye nyuzi za Rhizoctonia solani, kuvu inayoozesha mizizi, na kuila. Baadaye, huko Riverside, California, yeye na H. S. Fawcett walijaribu kuitumia kuokoa miche ya michungwa. Waligundua kwamba ili Trichoderma ishinde, iliwabidi wautie udongo asidi. Bila hivyo ushindi wa maabara haukuonekana kwenye kitalu. Karibu karne nzima imepita, na wengi wanaouza kuvu za kilimo bado wanauza pakiti bila kumuuliza mnunuzi udongo wake ukoje. Mkulima hulipa, humwaga, haoni kitu, na msimu ujao anarudi kwenye dawa ya kemikali akiapa kwamba mambo ya kuvu ni utapeli. Nina uchungu na jambo hili. Mkulima wa ekari moja akidanganywa hivyo mara moja, kumrudisha ni kazi ya miaka.

Kuna tahadhari nyingine ambayo sitaki ipite kimya kimya. Aspergillus terreus ile ile iliyoiangusha Pythium inaweza kumwingia binadamu mwenye kinga dhaifu, ikashambulia mapafu, na ni sugu kwa amfoterisini B, dawa ambayo hospitali hutegemea kwa magonjwa makali ya kuvu. Kiumbe hicho hicho ndicho kilichotupa lovastatini, dawa ya kupunguza kolesteroli. Ndivyo kuvu zilivyo. Kwa hiyo siungi mkono kabisa mtu kuokota kuvu jangwani, kuizalisha kwenye pumba na kuwagawia akina mama wanaotia udongo kwenye viriba kwa mikono mitupu, katika nchi ambako wengi wanaishi na virusi vya UKIMWI. Matokeo ya Oman yanafaa kutufundisha mbinu. Pengine tutaishia kutumia kimeng'enya chake tu, au jamaa yake asiye na madhara. Kazi ya kuamua hilo ni ya mamlaka zetu, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA) kwa Tanzania na bodi ya viuatilifu kwa Kenya, na naomba wasiione kama urasimu.

Je, tunaweza? Tumeshaweza, kwenye jambo lililo pacha wa hili. Mwaka 2004 sumukuvu ya mahindi iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui. Mwaka 2016 iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sumu hiyo hutengenezwa na Aspergillus flavus. Huko Arizona, katika pamba ya nchi ya jangwa, Peter Cotty alikuwa ameonyesha kwamba zipo aina za Aspergillus flavus zisizotengeneza sumu kabisa, na kwamba zikiwahi shambani hukaa mahali pote, kama abiria waliowahi viti vya daladala, na zile zenye sumu zinakosa pa kukaa. Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki (IITA) na washirika wake hawakuileta kuvu ya Arizona Afrika. Walitafuta za hapa hapa, kwenye udongo na nafaka za kila nchi. Kenya ilisajili bidhaa iliyotokana na kazi hiyo, Aflasafe KE01, mwaka 2015, na Tanzania ikasajili ya kwake mwaka 2018. Ni punje za mtama zilizouawa ili zisiote, zikapakwa spora. Mkulima hurusha kilo 4 kwa ekari, wiki mbili au tatu kabla mahindi hayajatoa maua. Mtama ni chakula cha kuvu kwa siku za mwanzo, na unyevu ndio huiamsha. Kila hatua ya kazi hiyo, tangu kutafuta kuvu, kuipima, kuisajili, kuizalisha hadi kumfundisha mkulima, imeshafanyika katika nchi zetu. Kilichobaki ni kuigeuza kazi hiyo ielekee kwenye mizizi.

Na mizizi inatungoja. Miaka ya 1990 kuoza kwa mizizi ya maharage kuliwaumiza wakulima wa magharibi mwa Kenya na wa Rwanda kiasi kwamba baadhi yao waliacha kulima zao hilo, na Pythium ilikuwa miongoni mwa wahusika wakuu. Mnyauko fuzari wa migomba wa aina ya TR4, ambao hakuna dawa inayouponya na ambao hukaa udongoni kwa miongo, ulithibitishwa Msumbiji mwaka 2013. Msumbiji ni jirani yetu, tumetenganishwa na mto Ruvuma tu. Sisemi kwamba kuvu ya Turkana itaizuia TR4. Nasema siku TR4 itakapofika Kagera au Mbarara, itakuwa vibaya sana kama hatutakuwa tumejaribu kitu chochote cha kwetu.

Morocco inatuonyesha ukubwa wa hasara na pia ukubwa wa tumaini. Ugonjwa wa bayoud, unaosababishwa na Fusarium oxysporum na kuingilia kwenye mizizi ya mitende, ulionekana katika bonde la Draa katika karne ya 19, na ndani ya miaka mia moja ukaua mitende zaidi ya milioni 10 nchini humo. Lakini mitende ya Marrakech ilibaki imesimama. Watafiti walipoupima udongo wa huko, wakakuta kwamba unaudhibiti ugonjwa wenyewe. Kuna viumbe ndani yake, zikiwemo Fusarium zisizo na madhara, zinazoinyima ile mbaya chakula na nafasi. Ukiuchemsha udongo huo, ulinzi unapotea. Kwa hiyo kinga ilikuwa hai, na ilikuwa pale pale wakati oasisi nyingine zikiangamia. Swali linaloniumiza ni hili: katika Afrika Mashariki tuna mashamba mangapi ya namna hiyo, ambako migomba au maharage ya jirani yamekufa na ya mwenye shamba yamepona, na hakuna aliyechukua hata kopo moja la udongo kwenda kuupima?

Ninachokitaka hakihitaji fedha za kutisha. Muguga, pale pale alipofanyia kazi Birch, Kenya inatunza benki ya mbegu za mimea. Arusha, Tanzania inayo ya kwake. Ziongezewe hazina ya kuvu za udongo, kwanza za nchi kame: Chalbi, Turkana, Simanjiro, Dodoma, na Karamoja kwa upande wa Uganda. Hazina kubwa za kuvu duniani leo ziko Utrecht, Uholanzi, na Egham, Uingereza. Sina ugomvi nazo, zimeitunza elimu ya wanadamu wote. Ila mtafiti kijana wa chuo kikuu cha Sokoine au cha Egerton asilazimike kuomba ruhusa Ulaya ili aione kuvu iliyotoka kijijini kwao. Kazi ya ukusanyaji ianze miezi ya ukavu, wakati kuvu dhaifu zimeshalala, na ilenge mizizi ya mimea inayobaki kijani wakati mingine imekauka. Mfugaji wa Kirendille au wa Kimasai anazijua sehemu hizo kwa majina kuliko ramani yoyote ya setilaiti. Alipwe kama mtaalamu, kwa sababu katika kazi hii yeye ni mtaalamu. Kisha kuvu zitakazofaulu zipelekwe kwa wakulima wa maharage wa Vihiga na wa nyanya wa Kilosa, zijaribiwe kwenye udongo wao, pamoja na samadi yao na umwagiliaji wao, kwa misimu kadhaa, na matokeo yatangazwe hata yakiwa mabaya.

Kuhusu umiliki, tumeshaona. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya lililalamika hadharani kwamba vijidudu vilivyochukuliwa Ziwa Bogoria miaka ya mwanzo ya 1990 vilitoa vimeng'enya vilivyouzwa nje kwa faida, na nchi haikupata stahili yake. Tangu 2014 Itifaki ya Nagoya imekuwa ikifanya kazi, na inataka ridhaa ya nchi inayotoa rasilimali na mgawo wa faida viafikiwe mapema. Kuvu ni rahisi kubeba kuliko kitu chochote. Spora zinazotosha kuanzisha kiwanda huingia kwenye bahasha. Kwa hiyo serikali ya kaunti ya Marsabit na halmashauri ya Simanjiro ziwe na fomu ya makubaliano tayari, kwa lugha ambayo wazee wa kijiji wanaisoma, ikionyesha nani amechukua nini, kutoka mzizi wa mmea gani, na ni asilimia ngapi itarudi kijijini ikiwa kitauzwa. Wanasheria wa wizara wanaweza kuiandika kwa wiki moja, na nawaomba waianze kabla ya msimu ujao wa ukavu.